Neno "au" katika sheria ndogo za usafi: barua ya wazi kwa madiwani wa Dar es Salaam

Waheshimiwa Madiwani,

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine habari za kazi.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha chumba cha nne, katika nyumba ya vyumba 6. Mtaa wetu sitautaja, maana nikiutaja mtaona ni shida ya pale tu. Nyumba hii ipo Manzese, ipo Tandale, ipo Keko, Buguruni, Mbagala na Vingunguti: korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, uani kamba za nguo na ndoo za maji, na kwenye kona choo kimoja cha shimo chenye mlango wa bati. Wakazi wake ni 23. Niliwahesabu wiki iliyopita, pamoja na kichanga cha chumba cha kwanza.

Mimi ni mpangaji, na pia ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Sheria ndogo mnazopitisha kwenye baraza nakutana nazo kwa njia mbili. Mchana nazunguka nyumba hadi nyumba nikiwaambia watu wanawe mikono, wafunike chakula, wachemshe maji. Jioni narudi kwenye nyumba ambayo yale niliyoyasema mchana hayatekelezeki.

Masika yaliyopita mvua ilianza saa nane usiku. Nyumba ya jirani, iliyo juu yetu kwenye mteremko, ilikuwa imejaza shimo tangu kabla ya Ramadhani. Usiku ule wakatapisha, yaani wakayaachia ya shimoni yaende na mvua. Walichomoa matofali mawili ya chini ukutani, mvua ikafanya iliyobaki. Niliamka kwa harufu kabla ya sauti. Nilipowasha tochi ya simu, maji meusi yalikuwa yanapita koridoni yakiwa yamebeba kandambili moja ya mtoto, ya bluu, inazunguka polepole kama inayotafuta mlango. Mama wa chumba cha pili alikuwa ameshaweka kiroba cha mchanga mlangoni kwake na anapigia milango ya wengine. Tulichota kwa makopo mpaka adhana ya alfajiri ikapita na kukapambazuka. Asubuhi jua lilipotoka, watoto wakacheza mdako uani palepale, juu ya udongo ule ule, kwa sababu uwanja mwingine hawana.

Siku ya tatu mtoto wa chumba cha tano akaanza kuharisha. Nilimpa ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, na zinki, akapona, namshukuru Mungu. Mama yake aliniambia, "Afadhali ni kuharisha tu." Neno lile "tu" limenikaa. Tumezoea kiasi kwamba ugonjwa unaoua watoto wachanga tunauona ni nafuu, alimradi usiitwe kipindupindu.

Jirani aliyetapisha simlaumu kama wengi wanavyomlaumu. Mwezi mmoja kabla, yeye na wapangaji wenzake walichanga wakaita gari la kunyonya maji taka. Gari likasimama barabarani, vijana wakavuta mpira uchochoroni, na mpira ukaishia kwenye kona ya duka la mkaa. Kutoka pale mpaka shimoni bado kulikuwa na nyumba tatu. Dereva akazungusha mpira wake akaondoka. Wakatafuta vijana wa ndoo na kamba, wale wanaomwaga mafuta ya taa shimoni kukata harufu kisha mmoja anashuka. Vijana wakasema hawawezi kufanya mchana kwa sababu wakionekana wanakamatwa, na usiku bei ni mara mbili. Ndipo watu wakasubiri mvua.

Siku chache baada ya mafuriko yale alikuja afisa na kitabu cha risiti. Alifika mchana, saa ambayo nyumbani wamebaki wanawake na watoto. Akakagua, akaandika faini. Mwenye nyumba wetu hakai hapa, huja kuchukua kodi ya miezi sita sita. Nilimuuliza afisa kwa upole kwa nini faini ya shimo lililojengwa vibaya inaandikwa jina la mama anayekodi chumba kimoja. Hakunijibu vibaya. Alinifungulia karatasi zake, akaniwekea kidole kwenye mstari. Wajibu wa kuwa na choo kinachofaa, na wa kuhakikisha hakifuriki, ni wa "mmiliki au mkazi" wa nyumba. Mmiliki hakuwepo. Mkazi alikuwepo, ana beseni mkononi. Tukachanga vyumba sita, tukalipa.

Waheshimiwa, neno "au" ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Nguvu mliyonayo ni kubwa kuliko tunavyoizungumza mitaani. Katiba yetu, ibara ya 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo ili madaraka yawafikie wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 imewapa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Rasimu inatangazwa wakazi watoe maoni, inakwenda kwa Waziri mwenye dhamana, ikikubaliwa inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na kuanzia hapo mgambo anaweza kuja nayo mlangoni kwangu. Bunge likitunga sheria, mtu wa uswahilini husikia redioni. Ninyi mkitunga sheria ndogo, tunaisikia uani. Mnaamua taka zitolewe siku gani na kwa ada gani, mama lishe akae wapi, ukuta uwe umbali gani kutoka mtaroni, nani atozwe shimo likifurika. Neno moja likikaa vibaya kwenye meza yenu, linatembea mpaka kwenye ndoo ya maji ya mtoto.

Mji huu umejengwa na maneno ya namna hiyo tangu zamani. Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi mwaka 1891, na Waingereza wakaja wakaendeleza mtindo ule ule. Kanuni zilizungumzia aina ya nyumba: upande wa bahari nyumba za mawe na bustani, katikati maduka na maghorofa, nyuma huko nyumba za udongo na makuti. Ziliandika nyumba, zikakusudia watu. Kiwanja cha Mnazi Mmoja kiliachwa wazi katikati ili kutenganisha mitaa, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya, kwamba malaria isitoke Kariakoo ikawafikia wakubwa. Mifereji ya maji machafu ikaanzia kule kwenye nyumba za mawe. Wakoloni wameondoka, Mnazi Mmoja leo ni uwanja wa watu wote, lakini ukifuata mabomba ya maji taka ya zamani chini ya ardhi utaona bado yanakumbuka mpaka ule. Na sisi wenyewe hatujaacha kusema "uzunguni" na "uswahilini".

Halafu kuna miaka miwili ambayo ningependa ibandikwe ukutani katika kila ukumbi wa baraza: 1974 na 1978. Mwaka 1974 halmashauri za miji zilifutwa na kazi zake zikahamishiwa mikoani. Wazee wa mtaa wetu wanakumbuka: taka zilikaa, mitaro ikaziba, hakukuwa na diwani wa kumwendea, na katika miaka hiyo kipindupindu kikapiga. Mwaka 1978 Serikali ikazirudisha halmashauri za miji. Nasema hivi kwa heshima: mpo kwenye viti hivyo kwa sababu, miongoni mwa mengine, nchi ilijaribu kuishi bila ninyi na miji ikaugua. Hiyo ni hoja kubwa ya kuwepo kwenu kuliko ada yoyote ya leseni mnayokusanya.

Najua pia kwamba mfuko wenu umetobolewa. Kodi ya majengo, iliyokuwa chanzo chenu, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwetu mita ni moja kwa vyumba sita, kwa hiyo kodi ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba tunakatwa sisi kila mwezi tunaponunua umeme, na wala haipiti kwenu moja kwa moja. Halmashauri isiyo na kodi ya majengo inabaki na ushuru, vibali na faini. Ndiyo maana, kwa macho yangu, sheria ndogo nyingi zina vifungu virefu vya adhabu na vifupi vya huduma. Nawaelewa. Lakini faini ya choo haijawahi kuchimba choo.

Tukimbana mwenye nyumba basi? Nilimpigia wa kwetu simu baada ya faini ile. Ni mtu mzima, aliyestaafu, na vyumba hivi ndivyo pensheni yake. Alinisikiliza, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema miaka mitatu iliyopita alitaka kujenga choo kipya cha mashimo mawili. Fundi akachimba msingi. Akaambiwa asimamishe, hana kibali cha ujenzi; na kibali hawezi kupata kwa sababu eneo halijapimwa. Akaogopa. Wakazi wa Bonde la Msimbazi walivyobomolewa Desemba 2015, alama ya X nyekundu kwenye kuta, hakuna mwenye nyumba wa uswahilini aliyesahau. "Mwanangu," aliniambia, "choo cha zamani hakina mtu anayekiona. Cha kipya ndicho kitakachoniletea X."

Basi sheria moja inamtoza kwa kukosa choo bora na nyingine inamzuia kukijenga. Katikati ya sheria hizo mbili tunaishi watu 23.

Na hatuko wachache. Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na zaidi ya nusu yetu tunaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Mkiiandika sheria kana kwamba kila nyumba ina kiwanja kilichopimwa, barabara mlangoni na mmiliki anayelala ndani, mnakuwa mmewaandikia wachache na kuwatoza wengi.

Nisije nikaonekana nalia bila kuonyesha njia, twendeni Vingunguti. Katika muongo uliopita wakazi wa mtaa mmoja pale, wakishirikiana na shirikisho la wakazi maskini wa mijini na wataalamu waliokuwa nao, walilaza mabomba membamba ya maji taka kwenye vichochoro. Mabomba yale hayahitaji kuzikwa kina kirefu kama yale ya barabara kuu, kwa sababu juu yake hapapiti lori, wanapita watu. Yanapinda na uchochoro, kila baada ya hatua kadhaa kuna chemba ndogo ya kuzibulia, na mwisho yanamwaga kwenye mabwawa ya maji taka yaliyokuwa jirani miaka yote. Wenye nyumba walilipa gharama ya kuunganishwa kidogo kidogo, kwa vikundi vya kuweka akiba. Nimewahi kusimama juu ya chemba mojawapo. Mama mmoja alikuwa ameanika dagaa kwenye chanja pembeni yake, na hakukuwa na harufu isipokuwa ya dagaa.

Mtindo huo Brazil waliuanza mjini Natal mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilichouwezesha ni wahandisi kukubali kwamba kipimo cha bomba la barabara kuu kisilazimishwe uchochoroni. Ni suala la kanuni, waheshimiwa, kabla halijawa suala la fedha. Na kanuni ndiyo kazi yenu.

Mwaka 2015 nilikuwa kwenye kazi hii. Kipindupindu kilianza Agosti hapa Dar, kikasambaa, na kufikia mwaka uliofuata wagonjwa nchini walikuwa wamezidi 20,000. Nilitembea na vidonge vya klorini mfukoni mpaka suruali ikapauka. Mama lishe walifungiwa, wauza matunda ya kukata wakafukuzwa. Tarehe 9 Desemba, badala ya gwaride la Uhuru, Rais Magufuli aliitisha usafi nchi nzima, nami nilishika reki. Tulizibua mtaro wa mtaa wetu tukajaza viroba kwa viroba. Siku ile ilikuwa nzuri, nisiseme uongo, watu walifanya kazi kwa moyo. Lakini mashimo ya vyoo hayakuguswa na mtu. Tulisafisha kila kitu kinachoonekana.

Sasa ninachoomba.

Liondoeni neno "au". Wajibu wa kujenga choo, kukiimarisha na kukinyonya uandikwe ni wa mmiliki. Mkazi apewe wajibu wake wa kukisafisha na kutotupa taka shimoni, na kwa huo atozwe akikosea, sitamtetea. Mmiliki asipopatikana au akipuuza, wapangaji waruhusiwe kukinyonyesha kwa fedha zao, mtendaji wa mtaa agonge muhuri kwenye risiti, na kiasi hicho kikatwe kwenye kodi ya chumba. Hili naliomba kwenu kwa sababu hakuna pengine pa kuliombea: sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, na tangu hapo kati ya mpangaji na mwenye nyumba hakuna chombo maalumu cha kodi za nyumba, kuna dalali tu. Mwanasheria wenu akisema kukata kodi kunavuka mamlaka ya sheria ndogo, basi mpelekeeni Waziri hoja hiyo kwa maandishi, mkiwa mmeisimamia.

Nina hofu moja na nitaisema, kwa sababu wapangaji wenzangu walinirushia nilipowasomea rasimu ya barua hii. Walisema mwenye nyumba akibanwa atapandisha kodi, au atatutoa aweke wengine. Ni kweli anaweza. Kwa hiyo msimbane kwa siku saba. Mpeni miezi, mpeni kulipa kwa awamu kama walivyofanya Vingunguti, na kibali cha choo kitolewe peke yake, ngazi ya mtaa, hata pale eneo halijapimwa. Serikali ilishawahi kuyatambua makazi yetu yalivyo: leseni za makazi zilianza kutolewa hapa Dar 2004 chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999. Kama mtu aliweza kupewa leseni ya kukaa, aweze kupewa ruhusa ya kujenga choo. Na iandikwe wazi kwamba kujenga choo hakutakuwa kamwe sababu ya kuwekewa X.

Wale vijana wa ndoo na kamba waandikisheni. Kazi yao itafanyika tu, mkitaka msitake, na sasa inafanyika gizani bila glavu. Wapeni pampu za mkono, mapipa yenye vifuniko, mahali karibu pa kumwaga, na chanjo. Kijana mmoja wao nilimfunga kidonda cha mguu kilichotokana na wembe uliokuwa shimoni. Alikuwa na miaka 19 na aliniomba nisimwandike popote kwa sababu kazi yake ni kosa.

Fedha za faini za vyoo ziwekwe mfuko wake, na matumizi yabandikwe kwenye mbao za matangazo za mtaa kama yanavyobandikwa majina ya wapiga kura.

Na rasimu isiishie kwenye tangazo la kurasa za ndani za gazeti. Tangu 2021 lugha ya sheria zetu ni Kiswahili. Isomwe basi kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa mtaa, Jumapili jioni, saa ambayo wapangaji wapo. Mikutano ya saa nne asubuhi siku za kazi huhudhuriwa na wenye nyumba wastaafu na wachache wengine. Ndiyo maana hamjawahi kutusikia. Sisi wakati huo tuko sokoni, viwandani na kwenye nyumba za watu.

Jumapili iliyopita niliazima futi kamba kwa fundi nikapima uchochoro wetu, kutoka barabarani mpaka mlango wa choo. Pembamba kuliko pote ni sentimita 87, kati ya ukuta wa duka la mkaa na bomba la maji la jirani. Gari halipiti. Guta halipiti. Toroli lenye pipa moja linapita, nimelijaribu, ukilisukuma taratibu na mtu mwingine akishika mbele. Mkimwita mhandisi kwenye kamati mkamuuliza kifaa gani kinaingia uswahilini, mpeni namba hiyo. Akitaka kuja kuhakikisha, aje kabla ya masika, aulize chumba cha nne. Futi kamba bado ninayo.

Wenu katika kazi,
Mpangaji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii
Dar es Salaam